Krediti za ziada katika vyuo vya Marekani: zinavyopandisha ada na kukata ufadhili

Shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vingi vya umma Marekani huhitaji krediti 120 (krediti ni kipimo cha ukubwa wa kozi). Ukisoma krediti 15 kila muhula, mihula minane inatosha. Ila wengi hawapiti njia iliyonyooka. Yupo anayeanza na uuguzi, mwaka wa pili anahamia uhasibu, na kozi za kemia na anatomia alizokwisha kulipia hazimsogezi tena. Yupo anayefeli hesabu, anarudia, anafeli tena. Krediti hizo hazifutiki. Zinabaki kwenye rekodi, na mwaka wa nne zinajitokeza kwenye bili.

Familia nyingi huchelewa kujua kwamba hesabu zinazowekwa ni tatu, na kila moja ina kikomo chake. Jimbo linahesabu kwa ajili ya ada, serikali kuu inahesabu kwa ajili ya ruzuku na mikopo yake, na mfadhili ana yake. Na mwanafunzi anapotazama krediti alizofaulu, wanaohesabu hutazama zaidi zile alizojisajilia.

Tuanze na Florida. Walioingia chuo kikuu cha umma kuanzia kiangazi cha 2019 wana kikomo cha asilimia 120 ya krediti za shahada yao: kwa shahada ya krediti 120, ni 144. Kila krediti inayozidi hapo hutozwa ada ya msingi mara mbili. Ada hiyo kwa mkazi wa jimbo ni dola 105.07 kwa krediti, kwa hiyo aliyefika 144 huku amebakiza kozi nne za krediti tatu tatu ataongeza dola 1,260.84 juu ya bili ya kawaida. Kozi uliyofeli inahesabiwa, uliyorudia inahesabiwa, uliyoiacha baada ya tarehe ya mwisho ya kubadili kozi inahesabiwa. Hazihesabiwi kozi za chuo ulizosoma ukiwa sekondari, za mitihani ya sekondari yenye kiwango cha chuo kama AP na IB, za kujifunza Kiingereza kama lugha ya pili, wala zile ulizolazimika kuziacha kwa ugonjwa au shida nzito binafsi, mradi chuo kimekubali sababu hiyo. Anayeanza chuo kwa mara ya kwanza na kumaliza ndani ya miaka minne hurudishiwa nyongeza aliyotozwa, kwa krediti zisizozidi 12.

Texas, ambako familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimepata makazi, inahesabu kwa namna nyingine. Walioanza kuanzia vuli ya 2006 wanaruhusiwa krediti 30 juu ya mahitaji ya shahada, yaani 150 kwa shahada ya 120. Zikizidi, jimbo halikipi chuo fedha kwa krediti hizo, na sheria inakiruhusu chuo kumtoza mkazi hadi kiwango cha mtu wa nje ya jimbo. Kiwango hicho hupita mara mbili ya ada ya mkazi katika vyuo vikuu vikubwa. Krediti za chuo cha jamii (community college) cha Texas zimo ndani ya hesabu. Za chuo binafsi au cha jimbo jingine hazimo.

Huko Texas tarehe ya kuandika ukutani ni siku ya sensa, yaani siku chuo kinapohesabu rasmi waliojisajili, ambayo kwa muhula mrefu ni siku ya 12 ya masomo. Ukiacha kozi kabla yake, ni kama hukujisajili. Ukiacha baada yake unapata W, alama ya kozi iliyoachwa, na krediti zinaingia kwenye hesabu. Tena kwa walioanza kuanzia vuli ya 2007, sheria inaruhusu kuacha kozi sita tu kwa shahada nzima.

Sasa serikali kuu, na hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu kinachopotea ni msaada wote unaoombwa kwa fomu ya FAFSA: ruzuku ya Pell (fedha zisizorudishwa kwa wenye kipato kidogo), mikopo, kazi za chuoni. Sheria inamtaka mwanafunzi amalize bila kuzidi asilimia 150 ya urefu wa programu, yaani krediti 180 za kujisajili kwa shahada ya 120. Gawanya 120 kwa 180, unapata karibu asilimia 67. Ndiyo maana vyuo vingi vinadai ufaulu angalau asilimia 67 ya krediti ulizojisajilia, pamoja na wastani wa alama. Mwanafunzi aliyejisajili krediti 60 akafaulu 36 yuko asilimia 60. Muhula unaofuata akichukua 15 na kufaulu zote, atakuwa na 51 kati ya 75, asilimia 68, amevuka. Akiacha kozi moja tu ya krediti tatu baada ya muda wa kuacha, anabaki na 48 kati ya 75, asilimia 64, na hajavuka.

Usisubiri kufika 180. Msaada hukatwa siku inapoonekana kihesabu kwamba huwezi kumaliza ndani ya kikomo. Mwenye 150 alizojisajilia na 36 zilizobaki ataishia 186, kwa hiyo anakatwa sasa, akiwa bado ana krediti 30 mkononi. Krediti ulizohamisha kutoka chuo kingine na kukubaliwa na chuo kipya huingia kwenye hesabu pia. Kozi za Kiingereza cha lugha ya pili chuo kinaruhusiwa kuziacha nje, hivyo uliza sera ya chuo chako.

Pell ina kikomo kingine cha peke yake: asilimia 600 kwa maisha yote, sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Muhula mmoja kamili hula asilimia 50, ufaulu au ufeli. Kiasi ulichokwisha kutumia kinaonekana ukiingia kwenye akaunti yako ya StudentAid.gov. Pia kozi uliyofaulu hulipiwa kurudiwa mara moja tu, na kozi isiyo ya shahada yako hailipiwi. Aliyechukua krediti 12 huku tisa tu ndizo zinazomhusu hupewa Pell ya krediti tisa, na pengo analijaza mfukoni.

Ufadhili wa majimbo una masharti yake. Bright Futures ya Florida hulipia krediti zinazotakiwa na shahada ya kwanza, si zaidi, na humdai mwanafunzi arudishe fedha za kozi aliyoiacha. Ruzuku ya TEXAS Grant husimama mwanafunzi anapofikisha krediti 150 za kujisajili.

Kabla ya kujisajili kila muhula, fungua ripoti ya maendeleo ya shahada kwenye tovuti ya chuo, usome sehemu ya kozi zisizoangukia popote. Hizo ndizo za ziada. Ukitaka kubadili fani, omba ripoti ya majaribio ya fani mpya kwanza, uone ngapi kati ya ulizonazo zitahesabiwa. Fanya hivyo kabla ya krediti ya 60, kwani baada ya hapo kila mabadiliko ni ghali. Mwenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, hapati msaada wa serikali kuu, ila lazima abaki na krediti 12 kila muhula, kwa hiyo asiache kozi kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Msaada ukikatwa, unaweza kukata rufaa kwa ofisi ya misaada ya fedha. Barua iseme mambo mawili: nini kilitokea (ugonjwa, msiba wa ndugu, tatizo jingine zito) na nini kimebadilika sasa. Ambatisha cheti cha daktari au cha kifo, na mpango wa masomo ulioandaliwa na mshauri wako, muhula kwa muhula hadi mwisho. Barua inayoeleza shida bila kusema kilichobadilika hurudi na jibu la hapana.