Je, mnara wa simu ukiungua Lamu, salio lako la M-Pesa huungua nao?

Hapana. Hata laini ikitumbukia baharini pale gati ya Mokowe, pesa hazizami nayo. Wengi huamini kwamba salio limo ndani ya laini, au kwenye mnara ulio karibu. Laini hubeba namba ya utambulisho na ufunguo wa siri unaouthibitishia mtandao kuwa mwenyewe ni wewe. Mnara hupokea mawimbi na kuyapitisha. Salio la M-Pesa limeandikwa katika hifadhidata iliyo mbali, na fedha zenyewe ziko benki, katika akaunti za amana. Ajabu ni kwamba kwa miaka kadhaa, hadi 2015, seva zake, yaani kompyuta zinazotunza hesabu hizo, zilikuwa Ujerumani: mtu wa Lamu akimtumia nduguye wa Malindi shilingi mia, hesabu ilipigwa Ulaya na jibu likarudi Pwani. Kwa hiyo mnara ukizimika hutaweza kutuma, lakini salio halipungui hata senti.

Je, seva yenyewe ikiungua? Kampuni za simu huwa na kituo cha pili, mbali na cha kwanza. Kazi ngumu ni kuvifanya viwe na hesabu moja.

Mchukue mwenye duka wa mtaa wa Langoni, Lamu, mwenye madaftari mawili, moja kwake, jingine kwa kakake Malindi. Anaweza kumpigia kaka kila mteja anapolipa, asitoe risiti mpaka asikie "nimeandika". Duka likiteketea, kila risiti ina mstari wake Malindi. Lakini wateja wanangoja, na simu isiposhika biashara inasimama. Au atoe risiti papo hapo, kurasa zifuate baadaye. Foleni itakwenda mbio, ila moto ukiwaka kabla kurasa hazijafika, mauzo ya hapo katikati yamepotea.

Seva nazo zina njia hizo mbili, na umbali ndio huamua. Mwanga ndani ya faiba, uzi wa kioo unaobeba data, husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 huongeza kama milisekunde 1 (sehemu moja ya elfu ya sekunde) ya kwenda na kurudi. Kwa binadamu si kitu. Kwa hifadhidata yenye maelfu ya miamala kwa sekunde, ni foleni. Ndiyo maana vituo vya karibu huweza kungojeana, na vya mbali kwa kawaida kimoja hubaki nyuma kidogo. Navyo vikikaribiana mno, mafuriko mamoja huvikumba vyote.

Tena kituo cha pili hakikingi makosa: mhandisi akifuta rekodi, ufutaji nao hunakiliwa. Lazima ziwepo nakala za zamani zilizowekwa kando, na zijaribiwe kurejeshwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watu kazi zao za kuandika programu, alifuta kimakosa data za seva kuu. Njia kadhaa za akiba zilizotegemewa zikakutwa hazifanyi kazi. Nakala iliyowaokoa ilikuwa imechukuliwa kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya kosa hilo, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa.