IP68 si waranti: simu ikiingia maji, nani analipa?

Boksi la simu nyingi za bei ya juu lina alama ya IP68, na muuzaji akiulizwa maana yake hujibu kwa mkato: "Hiyo haiingii maji." Mnunuzi anaondoka akiamini anaweza kuogelea nayo. Siku maji yakiingia, anairudisha dukani na risiti mkononi, waranti haijamaliza hata nusu mwaka, halafu anaambiwa uharibifu wa maji haumo. Malalamiko ya aina hii yanatuumiza sisi tunaotoa elimu kwa walaji, kwa sababu mengi yangezuilika kabla pesa haijatoka mfukoni.

Alama hizo zinatokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Simu yenye 7 imezamishwa mita 1 kwa dakika 30 ikatoka salama. Yenye 8 imepita hapo, ila kina na muda hupangwa na mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana Samsung Galaxy S7 ya mwaka 2016 ilikuwa IP68 kwa mita 1.5, na iPhone 12 ni IP68 hiyohiyo kwa mita 6. Kwa hiyo usiishie kwenye alama. Tafuta palipoandikwa kina cha maji kwa mita na muda wake.

Kipimo hicho hufanyika maabara, kwa simu mpya, kwenye maji yaliyotulia yasiyo na chumvi. Bahari haimo. Bwawa lenye klorini halimo, wala chai, soda, au povu la sabuni bafuni.

Na simu haibaki mpya. Kinachozuia maji ni gundi nyembamba inayozunguka kioo na mfuniko wa nyuma, pamoja na vimpira kwenye trei ya laini na tundu la chaji. Vitu hivi huchakaa kama mpira wa sufuria ya presha. Simu ikidondoka, fremu inaweza kupinda kidogo sana usione kwa macho, lakini maji yakapata njia. Ukibadilisha kioo au betri, gundi ya kiwandani imeshang'olewa. Fundi asipoweka nyingine ya aina yake, IP68 imebaki kwenye boksi. Wanunuzi wa simu zilizotumika wanapaswa kulizingatia hili kuliko wote: muulize muuzaji kama simu imewahi kufunguliwa.

Simu nyingi zina kibandiko kidogo cheupe ndani ya tundu la trei ya laini. Kikiguswa na maji hugeuka chekundu. Toa trei, mulika kwa tochi, utakiona. Fundi wa kampuni huanzia hapo, na akikuta wekundu, habari ya waranti kwa kawaida huishia hapo. Waranti hulipia kasoro za kiwandani. Apple, kwa mfano, inaandika wazi kwamba uwezo wa kustahimili maji si wa kudumu na kwamba uharibifu wa kimiminika haulipiwi.

Je, ni haki kampuni itangaze simu ikiwa majini kisha ikatae kuitengeneza? Kwa maoni yangu si haki, na vyombo vya dola vimeshachukua hatua. Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 kwa kutangaza kinga ya maji bila kufafanua masharti ya maabara, na kwa kukataa kuwahudumia wateja ambao simu zao ziliingia maji. Juni 2022 mahakama ya Australia iliiamuru Samsung ya huko ilipe dola za Australia milioni 14. Matangazo yalionyesha simu za Galaxy kwenye bwawa na baharini, na kampuni ilikiri kwamba tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu simu ikichajiwa bado imelowa.

Simu ikilowa, chomoa chaja, izime, na usiichaji mpaka tundu likauke kabisa. Kama ina alama ya IP68 na imelowa maji ya bahari, isuuze taratibu kwa maji safi, uifute, kisha uielekeze tundu chini. Usiifukie kwenye mchele. Chembe zake huingia tunduni. Usiikaushe kwa hewa ya moto.

Unaponunua, soma kipengele cha vimiminika kwenye waranti ukiwa bado dukani, na upige picha ya tangazo au maandishi yanayodai simu haiingii maji. Ukiamini umepotoshwa, peleka picha hizo pamoja na risiti na jibu la maandishi la duka kwa Tume ya Ushindani, FCC, ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Ushindani, CAK, ukiwa Kenya. Duka likikataa kukupa jibu kwa maandishi, liandikie wewe na utunze nakala.