Utandawazi: kutanda si kutandika

Juzi nimemsikia tena mtangazaji redioni akisema wanaopinga utandawazi wanaogopa maendeleo, na kwamba kama wana msimamo wa kweli basi waanze kwa kutupa simu zao. Hoja hii nimeshaisikia mara nyingi mno, na kila mara inawaonea watu.

Utandawazi ni hali ya nchi kufungamana kwa biashara, fedha, habari na watu, kiasi kwamba linalotokea mbali linakufikia ulipo. Maana hiyo haina ugomvi.

Ugomvi umejificha kwenye neno lenyewe, lililoundwa kwa tanda na wazi. Litazame hilo tanda. Mawingu hutanda, ukungu hutanda, giza hutanda, wala hakuna anayeuliza nani kayaleta mawingu. Mwanamke hujitanda khanga, lakini hapo kajitanda mwenyewe, kwa hiari yake. Kiswahili kinapotaka kumwonyesha mtendaji kina tandika: mkeka hutandikwa, na kila mkeka una aliyeutandika. Sisi tulichukua tanda, mtandikaji tukamwacha nje ya neno. Ndiyo maana tunauzungumzia utandawazi kama masika, na anayeupinga anaonekana kama mtu anayegombana na mvua.

Wapinzani wengi wanamuulizia huyo mtandikaji. Maingiliano hawana shida nayo. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika Kilwa mwaka 1331, pwani hii ilikuwa inafanya biashara na Uarabuni na India kwa kufuata kaskazi na kusi. Wanachokataa ni siasa: kwamba kila nchi ifungue soko, ipunguze ushuru na iuze mashirika ya umma, kwa masharti yanayopangwa na vyombo ambavyo mpiga kura hawezi kuviondoa. Mwaka 1980 Nyerere aliwauliza mabalozi ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa, linalokopesha nchi kwa masharti, liligeuka wizara ya fedha ya dunia, na ni lini mataifa yalikubali kulikabidhi uwezo wao wa kuamua. Swali hilo halina chuki yoyote kwa wageni.

Au chukua mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu ili viwanda vya nguo vya hapa vipate nafasi. Wauzaji wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatishia kuzinyima nchi hizi nafuu ya AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake kwa mitumba, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mimi mitumba naitetea, kwa sababu inavisha na kulisha watu wengi. Lakini nani alipaswa kuamua?

Ni kweli wapo Ulaya na Marekani wanaopinga kwa kuwachukia wahamiaji, na wengine hulitumia neno hili kuwasingizia Wayahudi. Hao hawafanani na wakulima wa Chiapas, Mexico, walioinuka tarehe 1 Januari 1994, siku mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini ulipoanza kutumika.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, anayelalamikia mavazi ya kigeni ya vijana na anayekataa masharti ya mkopo ni watu wawili tofauti. Ukimwalika tena mmoja wao studio, muulize kwanza anapinga lipi, kisha umwache amalize.