Tufe la bolingi na mafuta ya njia: dhana potofu na ukweli wake

Mchezo wa kwanza unakwenda vizuri. Tufe linatoka mkononi, linateleza upande wa kulia wa njia, kisha karibu na mwisho linapinda na kuingia kwenye mwanya ulio kati ya pini ya mbele na jirani yake, na pini zote kumi zinalala. Kufikia mchezo wa tatu, mkono ni uleule, tufe ni lilelile na alama ya kulengea ni ileile, lakini sasa tufe linapinda mapema mno, linaigonga pini ya mbele usoni, na pini zinazobaki zimeachana, moja huku na nyingine kule. Mchezaji hulilaumu tufe, au huulaumu mkono wake, na wengine huamua papo hapo kwamba wakati umefika wa kununua tufe jipya.

Kilichobadilika ni njia. Na kwa kuwa njia huonekana vilevile tangu mwanzo wa jioni hadi mwisho wake, dhana nyingi zisizo sahihi zimeota mizizi miongoni mwa wachezaji, wakiwamo wale walioucheza mchezo huu kwa miaka mingi. Nazieleza hapa zile ninazokutana nazo mara kwa mara, kwa sababu naamini zinawagharimu watu alama nyingi na fedha nyingi pasipo sababu.

“Njia zote ni sawa”

Ni kweli kwamba vipimo vya njia ni vimoja: kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani takriban mita 18.3, na upana ni kiasi cha mita 1.05, uliogawanywa katika mbao 39. Lakini juu ya mbao hizo hupakwa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoamua kwa sehemu kubwa tufe litafanya nini. Mashine ya kupaka hutandaza mililita 20 hadi 30 hivi kwa njia nzima, kiasi ambacho kingeenea ndani ya vijiko viwili vya chakula, na utando wake ni mwembamba hata jicho haliwezi kuupima. Mng'ao wa njia haumwambii mtu lolote la maana, kwa kuwa njia kavu iliyosafishwa vizuri nayo hung'aa chini ya taa.

Mafuta hayo hayafiki kwenye pini. Kutegemea mpangilio uliochaguliwa, huishia mahali fulani kati ya futi 32 na futi 52, na sehemu inayobaki huachwa kavu. Tena hayapakwi kwa usawa kutoka ukingo hadi ukingo. Katika mpangilio wa kawaida wa kumbi za burudani, mafuta hurundikwa katikati na kupunguzwa sana pembeni, kiasi kwamba katikati panaweza kuwa na mafuta mara 10 ya yale ya pembeni. Mpangilio huo humbeba mchezaji bila yeye kujua: tufe lake likikosea na kwenda nje hukuta pakavu, likashika na kurudi, likikosea na kuja ndani huteleza juu ya mafuta mengi na kuendelea kwenye mstari wake. Makosa mawili yanayopingana huishia kwenye mwanya uleule.

Katika mipangilio ya mashindano, msaada huo huondolewa. Uwiano wa mafuta ya katikati na ya pembeni huwa takriban 3 kwa 1 au chini ya hapo, na tufe lililokosea ubao mmoja au miwili haliokolewi na chochote. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, PBA, kina mipangilio maarufu iliyopewa majina ya wanyama. Ule wa duma ni mfupi, ule wa papa ni mrefu, na mchezaji anayetamba kwenye mmoja huweza kutaabika kwenye mwingine wiki inayofuata. Kwa hiyo wastani wa alama 200 unaopatikana kwenye ukumbi wa nyumbani ni habari ya mchezaji na ya ukumbi wake kwa pamoja, na si haki kuulinganisha moja kwa moja na wastani uliopatikana kwenye mpangilio wa mashindano.

“Siri ya tufe imo ndani, kwenye kiini”

Dhana hii imeenea kuliko zote, na watengenezaji wameipa nguvu kwa picha zao za matufe yaliyokatwa katikati kuonyesha viini vya maumbo ya ajabu. Kiini kina kazi yake, na nitaieleza, lakini hakitangulii. Kinachotangulia ni msuguano kati ya ganda la tufe na uso wa njia.

Safari ya tufe ina hatua tatu. Kwanza huteleza: limetoka mkononi likiwa na mwendo wa kwenda mbele na mzunguko wa kuelekea upande, lakini mafuta hayaliruhusu kushika, kwa hiyo mzunguko ule hubaki kama akiba. Kisha hufika mahali ambapo msuguano unaongezeka, na hapo mzunguko huanza kulivuta kuelekea upande. Hii ndiyo hatua ya kupinda. Mwisho, mwendo na mzunguko hulingana, na tufe hubingirika moja kwa moja likielekea pini bila kupinda tena. Tufe lililorushwa kwa mzunguko mkali kwenye njia iliyojaa mafuta hadi mwisho lingefika kwenye pini bado linateleza, hata kiini chake kiwe cha namna gani.

Utafiti wa chama cha bolingi cha Marekani, USBC, kuhusu mwendo wa tufe, uliofanywa katika miaka ya 2000, ulionyesha kwamba ukwaruzo wa ganda uko mstari wa mbele miongoni mwa mambo yote yanayoamua mwendo huo. Wachezaji wa zamani walilijua hilo kabla ya vipimo vya maabara. Mwaka 1973 mchezaji wa PBA aitwaye Don McCune alikuwa akiloweka matufe yake ya plastiki kwenye kemikali ili kulainisha ganda. Lilipolainika lilishika njia kuliko matufe ya wapinzani wake, naye akashinda mataji sita mwaka huo na kutajwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Kiini cha matufe yale hakikuguswa hata kidogo. Baadaye ziliwekwa kanuni za kiwango cha chini cha ugumu wa ganda, na matufe hupimwa kwa kanuni za namna hiyo mpaka leo.

Maendeleo makubwa ya matufe yamefuata mkondo huohuo wa ganda. Poliesta, aina ya plastiki, ni ganda gumu lenye uso wa kuteleza, lisiloshika sana. Yurethani, iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilishika zaidi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakaja magamba ya yurethani iliyochanganywa na resini, yenye vitundu vidogo sana vinavyofyonza mafuta, na pale mchezo ukabadilika kabisa.

Kazi ya kiini unaweza kuiona kwa macho yako. Lichukue tufe la resini mara tu linaporudi kutoka kwenye mashine, kabla ya kulifuta, na uligeuze chini ya taa. Utaona miviringo ya mafuta imelizunguka, mmoja kando ya mwingine, ikikutana mahali pawili na kupanuka katikati kama tai ya kipepeo. Kila mviringo ni mahali ambapo tufe liligusa njia katika sehemu fulani ya safari. Kiini kisicho na umbo sawa pande zote hulifanya tufe lihame polepole kutoka mhimili mmoja wa mzunguko hadi mwingine, na hivyo kila linapozunguka huweka chini sehemu ya ganda ambayo haijapata mafuta bado. Miviringo ikikaa mbali mbali, tufe linagusa njia kwa ganda kavu kila mara. Ikirundikana mahali pamoja, linazungukia kwenye mafuta yake lenyewe. Kiini, basi, hulisaidia ganda kufanya kazi yake, lakini ganda ndilo linaloifanya.

“Ukiling'arisha tufe, hupunguza kupinda”

Hapa ukweli ni nusu, na nusu ya ukweli hupotosha kuliko uongo mtupu. Tufe lililopigwa msasa wa namba 500 au 1000 lina mikwaruzo inayokata utando wa mafuta na kuifikia njia, kwa hiyo huanza kushika mapema. Kwenye mafuta mengi hilo ndilo linalotakiwa. Lakini kwenye njia iliyokauka, tufe hilohilo hutumia akiba yake yote ya mzunguko kabla ya kufika, hubingirika mapema, na hupiga pini bila nguvu. Mchezaji anaona limepinda sana, huku pini ya pembeni ikibaki imesimama. Tufe lililong'arishwa huteleza zaidi, huhifadhi mzunguko wake, na likifika kwenye sehemu kavu huweza kugeuka kwa ukali kuliko lile la msasa. Kung'arisha hubadilisha zaidi mahali pa kupinda na namna ya kupinda.

Nililisadiki hili siku nilipolipiga msasa tufe langu mwenyewe, nikidhani nimeliongezea makali, kisha nikalitumia kwenye njia zilizokwisha kuchezewa jioni nzima. Lilianza kupinda kabla ya kufika nusu ya njia, na likafika kwenye pini kama mtu aliyepanda mlima na mzigo.

“Linalopinda zaidi ndilo bora”, na pia “la bei kubwa ndilo bora”

Pembe ya kuingilia kwenye mwanya inayofaa zaidi kwa straiki, yaani kuangusha pini zote kumi kwa mrusho mmoja, ni takriban nyuzi 6. Tufe linalokwenda moja kwa moja, hata likirushwa kutoka ukingoni kabisa mwa njia, halifikishi nyuzi 2. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kupindisha. Lakini nyuzi 6 zinaweza kufikiwa kwa kupinda kidogo mahali panapofaa, na kila ubao unaoongezwa kwenye upana wa mpindo humwongezea mchezaji nafasi ya kukosea. Walter Ray Williams Jr., mwenye mataji 47 ya PBA, aliyapata kwa mtindo wa mstari ulionyooka kuliko wa wengi wa wapinzani wake. Jason Belmonte wa Australia, anayerusha kwa mikono miwili na kwa mzunguko mkubwa, amepata mafanikio makubwa kwa njia iliyo kinyume kabisa. Wote wawili walikuwa sahihi, kwa kuwa kila mmoja aliyajua mafuta yaliyo mbele yake.

Kuhusu bei: tufe ghali la resini lenye ganda la kushika sana limetengenezwa kwa mafuta mengi. Likiletwa kwenye njia kavu, la poliesta la bei nafuu linaweza kulishinda, na kwa kuokota pini moja ya pembeni karibu kila mchezaji makini hubeba tufe la poliesta kwa sababu haliyajali sana mafuta.

“Mafuta hukaa pale yalipopakwa”

Kila tufe linalopita huondoa kitu. Matufe ya poliesta na yurethani husukuma mafuta kidogo kuelekea sehemu kavu, na hapo mchezaji huona tufe lake likichelewa kupinda. Lakini katika kumbi za siku hizi, ambako wengi hutumia resini, badiliko kubwa zaidi ni mafuta kufyonzwa na kupungua pale wengi wanapopitisha matufe yao. Hiyo ndiyo habari ya mchezo wa tatu niliyoanza nayo: hakuna aliyegusa tufe, ila mkondo ulioteleza saa moja iliyopita sasa unashika.

Dawa yake ni kusogea. Mchezaji wa mkono wa kulia ambaye tufe lake limeanza kupinda mapema husogeza miguu mbao mbili kushoto na macho ubao mmoja kushoto, akalifuata eneo ambalo bado lina mafuta. Kwa mwanzo wa jioni kuna hesabu nyingine rahisi: toa 31 kwenye urefu wa mafuta kwa futi, na jibu ni ubao ambao tufe linafaa liwe juu yake mafuta yanapoishia. Mafuta ya futi 41 yanaelekeza kwenye ubao wa 10 kutoka ukingoni. Ni makadirio tu, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Wanaotumia mkono wa kushoto huambiwa kuwa wamependelewa. Kwa kuwa ni wachache, upande wao hubadilika polepole zaidi. Hilo ni kweli. Lakini upande huo ukiwa mgumu tangu mwanzo, hawana wenzao wa kuulegeza.

“Mbao halisi na sakafu ya sintetiki ni kitu kimoja”

Njia za mbao zilijengwa kwa mti mgumu wa mepo mwanzoni, mahali tufe linapotua, kisha msonobari ulio laini zaidi. Mafuta yenyewe yalianza kutumiwa kulinda mbao zisiharibike. Uso wa sintetiki ni mgumu na hauchakai upesi, kwa hiyo tufe huteleza zaidi juu yake. Na hata njia mbili zilizo sambamba, zilizopakwa na mashine moja asubuhi ileile, zinaweza kutofautiana, kwa sababu kanuni huruhusu uso kuinama au kuinuka kwa takriban milimita 1 katika upana wake. Milimita hiyo moja, chini ya tufe la kilo saba, inaonekana kwenye pini.

“Tufe la resini huchoka”

Halichoki, hujaa. Vitundu vilivyofyonza mafuta ya njia vikijaa, ganda haliwezi tena kushika kama lilivyoshika lilipokuwa jipya. Lifutwe kwa kitambaa kikavu kila linaporudi, lisafishwe kwa dawa yake baada ya kucheza, na mara kwa mara mafuta yaliyozama yatolewe kwa joto la kadiri. Wakati wa shindano lenyewe, kanuni za USBC zilizoanza Agosti 2019 ziliruhusu kitambaa kikavu tu, bila dawa yoyote ya maji, na msasa hauruhusiwi kuguswa mpaka shindano liishe.