Tathmini ya familia katika uuguzi: maana yake na inavyofanywa

Tathmini ya familia ni kazi ya muuguzi kujua mgonjwa anaishi na nani, anamtegemea nani, na ugonjwa umewatikisa vipi watu hao, ili ajue pa kuwasaidia. Jina la ndugu na namba ya simu zinazoandikwa siku ya kulazwa hazitoshi hata kidogo.

Mfano wa tathmini hii unaotumika sana ulianzia Calgary, Kanada. Wauguzi Lorraine Wright na Maureen Leahey waliuchapisha mwaka 1984. Unauliza familia imeundwaje, imefika hatua gani ya maisha, na mambo yake huendeshwaje siku hadi siku. Familia, kwao, ni wale ambao wenyewe wanasema ni familia.

Kwa Mombasa neno hilo lina uzito. Saa ya kutazama wagonjwa ikifika, kitanda cha mzee aliyepatwa na kiharusi huzungukwa na mkewe, dada yake, majirani waliovuka feri kutoka Likoni, na kijana aliye Doha anazungumza kwenye simu. Mwenye kutuma pesa ni huyo wa Doha. Mwenye kusikizwa ni dada wa mzee. Lakini anayejua kwamba mzee hupaliwa akinywa chai ni mkaza mwana, aliyesimama nyuma kabisa na ambaye hakuna aliyemuuliza neno.

Ndiyo maana muuguzi huichora familia. Mwanamume ni mraba, mwanamke duara, marehemu hutiwa alama ya mkato, na wanaoishi nyumba moja huzungushiwa mstari. Vizazi vitatu huenea ukurasa mmoja. Watu wakiona mchoro huanza wenyewe kusahihisha: “La, huyo alishahamia Changamwe.” Hapo muuguzi amejua usiku nyumbani hubaki nani.

Mgonjwa akiwa na fahamu, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza nani aambiwe nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na wingi wa jamaa kitandani si ruhusa.

Wauguzi wetu wana kazi nyingi, najua, lakini mazungumzo ya dakika 15 au pungufu yanafaa sana. Jitambulishe kwa jina. Uliza: “Katika haya yote, ni lipi linalowatia wasiwasi zaidi?” Kisha nyamaza usikilize. Taja jema uliloliona kwa macho yako, kama vile wanavyopokezana kumlisha. Waliochoka hupata nguvu kwa kusikia hivyo. Mafunzo yafuate hapo: kumketisha wima anapokula, kumgeuza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgongo. Mpe mkaza mwana nafasi afanye kwa mikono yake mbele yako kabla mzee hajaruhusiwa, na uulize, dada wa mzee akiwapo anasikia, ni nani atakayempokea zamu ya usiku.