Stenti na mishipa ya moyo: tunayoambiana na yanayojulikana

Dhana: "Nimewekewa stenti, nimepona."

Stenti, kibomba kidogo cha wavu wa chuma, hutanua sehemu ya mshipa iliyobana. Mafuta yaliyojijenga kwenye kuta za mishipa mingine yanabaki palepale. Aliyepatwa na shambulio la moyo huokolewa kwa kuzibuliwa haraka. Kwa mwenye hali tulivu, anayebanwa kifua akipanda ngazi, ni tofauti: katika utafiti wa COURAGE wa 2007, wenye wagonjwa 2,287, stenti pamoja na dawa haikupunguza vifo kuliko dawa peke yake. Ilipunguza maumivu, na hilo si dogo.

Dhana: "Mshipa unapogawanyika, stenti mbili ni bora kuliko moja."

Kwa kawaida daktari huanza na moja kwenye mshipa mkuu, akaongeza ya pili tawi likilazimu. Ubishi upo kwenye shina la mshipa wa kushoto, linalolisha sehemu kubwa ya moyo. DKCRUSH-V, utafiti uliofanyika zaidi China kwa wagonjwa 482, ulijaribu mbinu moja ya stenti mbili: kugandamiza stenti ya tawi ukutani, na kujaza maputo mawili ya kutanua mshipa kwa pamoja, mara mbili. Baada ya miaka 3, eneo lililotibiwa lilileta matatizo kwa 8.3% ya waliofanyiwa mbinu hiyo, dhidi ya 16.9% ya walioanzishiwa stenti moja. Utafiti wa EBC MAIN wa Ulaya, 2021, haukuona faida ya stenti mbili, ila huko zilitumika mbinu mbalimbali za kuziweka. Kwa maoni yangu, mkono wa daktari una uzito kuliko idadi ya vyuma. Muulize pia kama atapiga picha ndani ya mshipa: katika utafiti wa Korea Kusini, 2023, waliopigwa picha hizo walipata matatizo 7.7%, wasiopigwa 12.3%.

Dhana: "Siku hizi upasuaji hauna haja."

Mwenye kisukari na mishipa kadhaa iliyoziba asikimbilie stenti. Katika utafiti wa FREEDOM, 2012, miaka 5 baadaye walikuwa wamefariki 16.3% ya waliowekewa stenti, na 10.9% ya waliopasuliwa ili damu ipitishiwe njia mpya kukwepa palipoziba. Kiharusi, lakini, kiliwapata zaidi waliopasuliwa: 5.2% dhidi ya 2.4%.

Dhana: "Nikijisikia vizuri naacha dawa."

Hili linaua. Ukiacha mapema aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, damu yaweza kuganda ndani ya stenti ghafla. Hata ukiambiwa uziache ili ung'olewe jino, mpigie kwanza daktari wako wa moyo.