Semikha: idhini ya kuwa rabi

Semikha ni idhini anayopewa msomi wa sheria za Kiyahudi ili aitwe rabi na atoe hukumu za kidini. Asili yake ni Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, ambako Musa anamwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano wote. Kwa mujibu wa mapokeo, tangu hapo kila mwalimu aliyeidhinishwa alimwidhinisha mwanafunzi wake, kizazi baada ya kizazi, na ndani ya nchi ya Israeli tu. Wanazuoni wa Babeli, hata waliokuwa magwiji, hawakuipata, na kwa hiyo hawakuweza kutoza faini zilizowekwa na Torati.

Mnyororo huo uliwahi kunusurika chupuchupu. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, inasimulia kwamba Warumi walipoipiga marufuku semikha kwa adhabu ya kifo, mzee Yehuda ben Bava aliketi bondeni kati ya Usha na Shefaram, akawaidhinisha wanafunzi watano. Maadui walipotokea aliwaamuru wakimbie, naye akabaki hapo hapo akauawa kwa mikuki. Karne chache baadaye ulikatika kabisa. Mwaka 1538, mjini Safed, Jacob Berab alijaribu kuuunga upya, akitegemea maoni ya Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, kwamba wanazuoni wa nchi ya Israeli wakiafikiana wanaweza kumwidhinisha mmoja wao. Lakini Levi ibn Habib wa Yerusalemu alipinga vikali, na jaribio likafifia.

Semikha ya leo, basi, imerithi jina kuliko mamlaka. Ni hati ya rabi au chuo inayoshuhudia kwamba mhusika anajua sheria kiasi cha kuulizwa na kujibu. Kwa Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshikilia sheria za mapokeo, mtihani hujikita katika mambo ya jikoni, kama katazo la kuchanganya nyama na maziwa: tone la maziwa likidondokea mchuzi wa nyama, je, chakula kimeharamika, au mchuzi umelizidi tone mara 60, hivyo kingali halali? Anayetaka kuamua kesi za mali huhitaji idhini ya juu zaidi. Wala rabi si kuhani, kwani sala ya jamaa huhitaji watu wazima kumi, awepo rabi asiwepo.

Ubishi mkubwa sasa ni nani anayeidhinisha na nani anayeidhinishwa. Regina Jonas aliipata Ujerumani mwaka 1935, mwanamke wa kwanza. Waorthodoksi wengi hadi leo huwapa wanaume pekee. Gershom Sizomu, wa Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyo karibu na Mbale, Uganda, aliipata mwaka 2008 katika chuo cha Conservative, madhehebu ya Kiyahudi yasiyo makali kama ya Kiorthodoksi, huko Los Angeles, hati ambayo marabi wa Kiorthodoksi kwa kawaida hawaitambui.